Kumbukumbu za Kikao

Katika daftari la kijiji cha Zhoreti,
juu kabisa kwenye milima ya Kaukazi,
kikao cha Machi kimechukua kurasa sita.
Tano na nusu ni za mhandisi.

Niliziandika mimi, katibu,
mwalimu wa hesabu kwa miaka ishirini na mitatu,
nimejibana karibu na jiko la kuni,
wino ukigoma kila mlango ulipofunguliwa.

Revazi alitoka Tbilisi na ramani ndani ya mrija wa bati.
Akazibandika juu ya bango la mieleka.
Akasema mlima unatembea.
Akataja milimita kwa mwezi, mita za ujazo,
pembe ya mteremko,
uwezekano wa asilimia themanini na moja.
Hakukosea hata nukta. Nilikokotoa mwenyewe
pembezoni mwa karatasi, kwa penseli.

Na bado sikuamini.
Nilikubali hesabu yake
kama mtu anavyokubali kwamba jua liko mbali:
nikakubali, kisha nikawaza viazi vyangu vya mbegu.

Otari akajibu kwa niaba yetu,
na Otari ana sauti, jamani.
Alitaja makaburi. Alitaja mjozi
uliopandwa na babu yake siku aliyorudi vitani.
Akapiga meza, chai ikamwagika,
tukamshangilia mpaka vioo vikatetema.
Naye akaketi akitazama kando,
kama mtu aliyelipa deni kwa noti bandia.

Ndipo Nanuli akainuka.
Huyu ndiye aliyeapa vuli iliyopita
kwamba anayetaka kumhamisha aje na jeneza.
Tulikwisha kuweka viganja tayari.

Akatoa mfukoni uzi mwekundu wa sufu.
“Septemba niliupima ufa ulio nyuma ya zizi,
nipate cha kumwaibishia kijana huyu.
Nikakata uzi sawasawa na upana wake.
Leo alfajiri nimerudi nao.”

Akaunyoosha kati ya mikono miwili.
Kisha mkono wa kushoto ukauachia,
ukaendelea peke yake hewani,
shubiri moja,
shubiri na nusu,
ukasimama.

“Umefika hapa,” akasema.
“Mimi sitaki kuhama.”
Akaketi.

Hakuna aliyepiga makofi.
Revazi alifungua kinywa kuongeza takwimu;
Mzia akamgusa kiwiko, akanyamaza.
Nadhani hiyo ndiyo hoja yake bora siku ile.

Nimelala na jambo hili usiku mwingi.
Uzi si ushahidi kuushinda mrija wa ramani.
Sufu husinyaa ikilowa,
mwanafunzi wangu mvivu kuliko wote angeniambia.
Labda tuliamini kwa kuwa maneno yale
yalimgharimu nyumba.
Labda kwa kuwa alikwenda kuchimba jibu moja,
akakutana na jingine, na hakulifukia.
Au ni ile nafasi tu, kati ya uzi na mkono,
ambamo kila mmoja wetu aliona
mguu wa mtoto wake ukiingia.

Na ninaogopa pia.
Iko siku atakuja mwongo
naye ana uzi mfukoni.

Mikono thelathini na minne ilipanda.
Wa Otari ulifika begani, ukabaki hapo,
si juu, si chini, anajikuna shingo.
Sikujua niuhesabu vipi. Sikuuhesabu.

Kwenye daftari niliandika:
*Bi. Nanuli alichangia kwa ufupi.*
Nikaona aibu. Nikachukua rula
nichore, chini ya jina lake, upana ule
kwa kipimo chake halisi, bila kupunguza.

Ukurasa haukutosha.